Moto wa Kyejo

Rosalia alizaliwa Tukuyu, chini ya Mlima Rungwe, akaolewa na mkimbizi wa Afrika Kusini aliyekuwa akisoma Morogoro. Ubaguzi wa rangi ulipokoma kwao, mume akamleta Johannesburg. Alipofariki, Rosalia alibaki Malvern, kitongoji cha jiji hilo, akishona sare za shule katika chumba kinachotazama Mtaa wa Jules, pamoja na binti yao Lerato, aliyeelewa Kiswahili lakini akijibu kwa Kiingereza.

Mwaka 2016 Lerato alianza kusomea miamba chuoni. Jioni moja, mama akipiga pasi, alimweleza aina za volkano. Iko iliyo pana na bapa kama ngao, lava yake hutiririka kama uji mwepesi. Iko ndefu, iliyojengeka kwa matabaka ya lava na majivu. Viko vilima vidogo vya kokoto zilizorushwa na moto. Na iko ile ambayo kilele chake kimedidimia, likabaki shimo kubwa.

“Hiyo ya mwisho ni Mlima Ngozi, karibu na kwetu,” Rosalia alisema. “Shimoni mna ziwa. Na Rungwe ndiyo hiyo ndefu. Nimekulia pale, sikujua zina aina.”

“Zimelala zote?”

“Mlima Kyejo, wa kulekule, uliwahi kuwaka, zamani sana. Bibi yako anaijua habari hiyo. Aliipata kwa bibi yake.”

Lerato aliomba wampigie. Bibi alizungumza Kinyakyusa, Rosalia akitafsiri.

“Anasema twende, atakuonyesha moto ulipopita. Kwa simu hawezi.”

“Basi twende Desemba, Mama.”

Desemba ilipofika, sare za kufungulia shule zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani. Rosalia akasema Pasaka. Pasaka Lerato alikuwa na mitihani.

“Mama yangu ana nguvu,” Rosalia alizoea kusema. “Bado analima.”

Mwishowe bibi mwenyewe akaacha kuuliza watafika lini.

Juni 2018 Onesmo, kaka yake Rosalia, alipiga simu kusema mama amefariki. Basi liliwachelewesha mpakani. Walipofika Tukuyu, mazishi yalikuwa yamepita. Siku ya pili Lerato alimwuliza mjomba wake, kwa Kiswahili cha kuokoteza, moto wa Kyejo ulipita wapi.

Onesmo aliitazama migomba iliyofunika mteremko. “Mama alinionyesha nikiwa mdogo. Nadhani kule. Au nyuma ya kanisa.” Akamgeukia. “Yeye alikuwepo tu, mpwa wangu. Nilijua nitamwuliza siku yoyote.”

Waliporudi Malvern, Lerato alivuta kiti karibu na cherehani akamwomba mama asimulie anachokumbuka.

“Ardhi ilinguruma,” Rosalia alianza. “Watu wakatoa ndama kwanza. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekataa kuondoka.”

“Halafu?”

Rosalia aliondoa mguu kwenye cherehani.

“Sijui, mwanangu. Kila mara mama alipofika hapo, nilikuwa nimeshalala.”