Maneno Ambayo Mashine Huyaruka

Mwaka ule, mikorosho ilipoanza kutoa maua, daktari aliniambia nilale. Alisema hivyo tu, kwa sauti ya chini, huku akinifuta mafuta ya kipimo tumboni. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, karibu na mlango wa uzazi, na mtoto alikuwa bado mdogo sana. Nisibebe ndoo, nisipande pikipiki, nisisimame jikoni. Nilale, na ikiwezekana nilalie ubavu wa kushoto.

Tulikuwa tumepanga nyumba ya vyumba viwili Mkomaindo, mjini Masasi, hatua chache kutoka hospitalini. Mume wangu alikuwa anafundisha Lukuledi. Aliondoka alfajiri kwa pikipiki na kurudi jua likiwa limeshuka, kola ya shati imegeuka nyekundu kwa vumbi. Hakuweza kuniuguza na kufundisha kwa wakati mmoja, kwa hiyo alimpigia simu mama yake, Newala. Siku mbili baadaye mama akashuka kwenye gari mbele ya duka la jirani, na mfuko wa unga wa muhogo, ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, iliyofungwa ndani ya kanga, na sufuria yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa haziamini sufuria za watu.

"Shikamoo mama," nilisema kutoka kitandani, nikijaribu kuinuka.

"Marahaba. Lala. Mimi nimekuja ili wewe ulale."

Jambo la kwanza alilofanya ni kufungua bomba la uani. Maji yalipotoka aliyatazama, kisha akajaza kila chombo alichokiona: ndoo, madumu, masufuria, hadi chupa yangu ya chai. Nilimwambia hapa kwetu maji hutoka karibu kila siku. Akaniambia ndiyo, amesikia, na akaendelea kujaza. Kwao Newala maji huja yakipenda, na mtu aliyezaliwa kule huwezi kumshawishi kwa maneno.

Yeye na mume wangu wakasogeza kitanda changu hadi dirishani. Kutoka pale niliona kipande cha barabara, paa la jirani, na nyuma yake moja ya yale majabali ya Masasi. Asubuhi lilikuwa la buluu, mchana likawa jeupe kabisa, na jioni likageuka rangi ya ngozi ya mtu. Sikuwa na kazi nyingine ila kulitazama. Upepo ulileta harufu ya maua ya mikorosho, tamu na nzito kidogo, nami nikawa nasinzia na kuamka bila kujua ni saa ngapi. Wakati mwingine nilisikia mama akizungumza Kimakonde na jirani kule uani, nikadhani nimerudi utotoni, ingawa kwetu sisi tulikuwa tunaongea Kiyao.

Kabla ya hapo kazi yangu ilikuwa kutengeneza tovuti za maduka na shule. Niliwaomba wateja wangu wanisubiri, wakakubali. Lakini mikono haikuzoea kukaa bure. Tovuti zangu zote nilizijenga juu ya programu moja ya bure, ambayo watu wa nchi nyingi huiandika pamoja bila kuonana. Yeyote anaweza kuifungua, kuisoma, na kupendekeza marekebisho. Miaka yote nilikuwa nimeitumia bila kurudisha chochote. Sasa nikiwa nimelala ubavu, kompyuta imeegemezwa kwenye mto, nikaanza kuisoma polepole kama mtu anayetembea ndani ya nyumba aliyoishi muda mrefu bila kuingia vyumba vya nyuma.

Nilichagua sehemu inayozungumza na hifadhidata, kule taarifa zote zinakotunzwa. Sikuwa na nguvu za kubadilisha maagizo yenyewe ambayo mashine huyafuata. Nilichokitaka ni maelezo. Katikati ya maagizo, waandishi huacha mistari mifupi ambayo mashine huiruka kana kwamba haipo. Imeandikwa na binadamu kwa ajili ya binadamu mwingine: hapa tunafanya hivi kwa sababu hii, hapa kuwa mwangalifu. Miaka inapita, maagizo yanabadilishwa, na maelezo yanasahaulika palepale. Nilikuta yaliyoeleza vitu vilivyokwisha ondolewa. Nilikuta sentensi zilizokatika katikati, mwandishi labda kaitwa kula. Nilikuta neno moja limekosewa namna ileile katika faili baada ya faili, kosa la mkono mmoja. Nikawa nayanyoosha, machache kila siku, na kuyatuma. Upande wa pili alikuwepo mhakiki, mtu nisiyemjua sura wala nchi, aliyejibu kwa maneno mawili matatu: sawa, asante, hapa weka nukta.

Siku moja mama alileta uji, akakaa kwenye kigoda na kuchungulia kioo cha kompyuta.

"Unaandika nini mchana kutwa?"

"Siandiki sana, mama. Nasahihisha maelezo ya watu."

"Wamekosea?"

"Wengine wamekosea. Wengine walikuwa sahihi zamani, mambo yakabadilika."

"Wanakujua hao?"

"Hawanijui."

Akafikiri, akikoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Basi nisomee nisikie."

Nikamsomea, nikitafsiri kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Fungua mlango kabla ya kuuliza. Usisahau kufunga ukimaliza. Kama hakuna kitu, rudisha orodha tupu, usirudishe kosa. Mama alisikiliza akiwa amenyoosha miguu sakafuni, mgongo ukutani. Nilipofika kwenye maelezo marefu ya namna ya kupanga majina yenye herufi za kigeni, kichwa chake kikainama. Alikuwa amelala. Toka siku hiyo ikawa desturi yetu: baada ya kuosha vyombo alikuja, akasema "haya, nisomee," na kabla sijafika mbali tukawa tumesinzia wote wawili, mimi kitandani yeye chini, upepo ukipeperusha pazia juu yetu.

Katika faili moja ya ndani kabisa nikakutana na mstari ulionisimamisha. Juu ya maagizo mawili mafupi mtu alikuwa ameandika: "Iache hivi. Usiniulize kwa nini." Hakukuwa na kingine. Maagizo yenyewe yalisoma safu za taarifa hadi mwisho, na baada ya hapo ndipo yakaachia njia ya kwenda kwenye hifadhidata ili watumiaji wengine nao waitumie. Kwa macho yangu, mpangilio ule ungeweza kugeuzwa bila shida. Nilimwandikia mhakiki kuuliza. Akajibu kwamba hata yeye hajui, na kwamba kwa miaka kila mtu amepita pembeni ya mstari ule kwa heshima. Lakini mwandishi wake bado ana anwani ya barua pepe. Akaahidi kumtafuta.

Wakati tunasubiri jibu, niliamka mchana mmoja nikakuta shuka limelowa damu.

Sikupiga kelele. Nilisema tu "mama," na nadhani nililisema taratibu, kwa sababu aliingia bila kukimbia. Alitazama shuka, akanitazama mimi, akavua kanga yake ya juu na kunifunga nayo kiunoni. Kisha akatoka barabarani na kumsimamisha mwenye bajaji. Njia nzima, fupi kama ilivyo, alikishika kichwa changu mapajani mwake na kumwambia dereva kila tulipokaribia sehemu mbovu, "Polepole baba, polepole, hapa kuna mashimo," utadhani yeye ndiye aliyezaliwa mtaa ule.

Wodini walinitundikia dripu. Nesi aliweka kipimo tumboni, tukasikia moyo wa mtoto ukienda haraka haraka kama mtu anayetwanga peke yake mbali. Mama alikaa mwisho wa kitanda. Alipousikia mlio ule akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na sikumwuliza alikuwa anasema nini. Mume wangu alifika na vumbi lake la Lukuledi, akasimama mlangoni akishindwa kuingia mpaka mama yake alipomwambia, "Njoo, hajafa mtu."

Walinibakiza wodini kwa muda, bila kompyuta. Dawa zilinifanya nielee. Katika ndoto zangu lile jabali lilikuwa limeandikwa mistari midogo kuanzia chini hadi juu, nami nilikuwa naisoma kwa kidole, na kila niliposoma mstari ukawa unafutika taratibu kama jasho kwenye jiwe. Sikuogopa. Nilikuwa nawaza tu kwamba lazima nifike juu kabla ya jua kuwa kali. Nikiamka namwona mama anammenyea jirani yangu wa kitanda chungwa, wakizungumza habari za mtoto wa dada yake nani aliyeolewa Msumbiji. Damu ikakatika. Daktari akasema tuendelee kungoja.

Niliporudi nyumbani nilikuta jibu la yule mwandishi. Mhakiki alikuwa amelinakili na kunitumia. Yule bwana aliandika kwamba kazi ya programu aliiacha siku nyingi, sasa anafundisha watoto kuogelea. Mstari ule anaukumbuka kuwa ni wake. Sababu haikumbuki hata kidogo. "Nakumbuka tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha," aliandika, "na dirisha lilikuwa wazi, na hatimaye kitu kilikuwa kimefanya kazi, nami nilitaka kwenda nyumbani."

Nilimsomea mama.

"Maskini," alisema. "Alikuwa amechoka."

"Lakini mama, angeandika japo neno moja."

"Mtu aliyechoka haandiki." Akafunua sufuria kuangalia kisamvu. "Wewe si una muda? Mwangalilie."

Nikamwangalilia. Niliyageuza yale maagizo mawili kwenye kompyuta yangu na kuyajaribu. Kila kitu kilikwenda sawa. Niliongeza taarifa, ikaenda sawa. Nilikuwa karibu kumwandikia mhakiki kwamba hakuna sababu yoyote, lakini jambo moja lilinisumbua: mimi nilikuwa mtu mmoja anayeuliza swali moja. Nikatengeneza jaribio ambalo watu wengi wanauliza kwa mpigo, nikaliacha likitembea, nikalala. Nilipoamka, jabali likiwa la rangi ya ngozi, nikakuta majibu yamechanganyika. Aliyeuliza habari za wanafunzi alikuwa amepewa nusu ya orodha ya bidhaa za duka. Njia ilikuwa inaachiwa mapema, mwingine anaidaka huku wa kwanza bado anasoma.

Nilikaa nikilitazama kosa lile kwa furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Yule bwana alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi kwa miaka yote hiyo, na mwenyewe hajui.

Nikafuta mstari wake na kuandika wangu: "Soma safu zote kwanza, ndipo uachie njia. Ukiiachia mapema, ombi jingine linaweza kuichukua na majibu yatachanganyika." Niliutuma pamoja na lile jaribio, na nikamwomba mhakiki amfikishie salamu mwalimu wa kuogelea, amwambie sababu yake imepatikana. Sikupata jibu lake. Mhakiki alisema sawa, asante.

Mtoto alizaliwa kwa upasuaji wakati korosho zinaanza kudondoka. Msichana, mdogo, mwenye hasira. Mama alimpokea akiwa amefungwa kwenye kanga mpya, akamnusa shingoni, akaniletea, na kuanzia dakika ile akaacha kuniita mwanangu. Aliniita Mama Fulani, kwa jina la yule mtoto ambalo sisi wenyewe tulikuwa bado tunalizoea. Nilikuwa nimelegea kwa dawa na mara ya kwanza sikujua anaitwa nani.

Mshono ulipopona tulipanda wote Newala ili ndugu wamwone mtoto. Nyumba ya mama haiko mbali na ukingo, kule ardhi inakokatika ghafla kuteremka kuelekea Ruvuma. Tulifika jioni, sikuona kitu. Asubuhi nilitoka uani nikakuta bonde lote limejaa wingu, jeupe, tulivu, limelala chini ya miguu yetu kama maziwa bakulini. Sauti za watu zilikuwa zinatoka ndani yake, jogoo akawika humo, mtu akakata kuni, lakini hakuna aliyeonekana. Mama alikuwa amembeba mjukuu wake mgongoni, anafagia. Mume wangu alikuwa bado amelala.

Nilikaa kwenye ngazi nikafungua kompyuta, mara ya kwanza tangu nijifungue. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka. Toleo jipya la ile programu lilikuwa limetoka. Niliitafuta faili ile ya ndani kabisa, nikashuka hadi pale mahali. Maelezo yangu hayakuwepo kama nilivyoyaandika. Mtu mwingine, jina geni kabisa, alikuwa ameyapitia: sentensi zangu mbili amezifanya moja, neno "njia" amelibadilisha akaweka neno la kitaalamu zaidi, na mwishoni ameongeza kwamba asiyeamini akalitazame jaribio.

Niliyasoma mara kadhaa. Yalikuwa mafupi kuliko yangu na yalieleweka vizuri. Mtoto akaanza kulia mgongoni kwa bibi yake, na mama akaacha ufagio.

"Mama Fulani, ana njaa huyu."

"Naja, mama," nilisema, nikaifunga kompyuta.