Kidonge cha Mchana

Wateja walimwita Hariri kwa sababu ya ngozi yake: laini, haina chunusi wala kovu. Kwa kinyozi hiyo ni mali. "Tangazo langu halibandikwi ukutani," alizoea kutamba, "linatembea."

Siku hiyo alikuwa akimnyoa mwalimu mmoja mstaafu. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari, mwalimu alipokodoa macho kwenye kioo.

"Hebu zima mashine. Shingo yako ina nini?"

Hariri akajitazama. Moyo ukamlipuka paa! Mabaka mekundu yalikuwa yamempanda kutoka kifuani hadi kidevuni. Akafungua vifungo vya shati: tumbo zima! Na yeye tangu asubuhi alikuwa akijikuna, akisingizia joto.

"Nyembe zako hizo!" Mwalimu aliruka kitini, akatoka mbio na taulo shingoni, kichwa nusu kwa nusu.

Hariri alibaki ameduwaa, mdomo wazi. Kisha midomo yenyewe ikaanza kufura. Mkewe, aliyekuwa akiuza vitambaa duka la pili, alikuja kuona kulikoni, akashika kichwa.

"Mume wangu! Mbona uso si wako?"

Alimkokota hadi zahanati. Daktari akamuuliza ametumia nini kipya. Hariri akataja sabuni, akataja spiriti ya kusafishia mashine.

"Na dawa?"

"Amoksilini tu, ya jino. Leo siku ya tano. Hiyo naimeza tangu utotoni, daktari, haijawahi kunidhuru."

"Basi ndiyo hiyo," daktari akasema, akivuta dawa kwenye bomba la sindano. "Mwili unaweza kuipokea dawa mara kumi, ya kumi na moja ukaikataa. Ndio mzio huo. Ungeongeza kidonge kingine, huenda koo lingeziba."

Hariri akajipapasa kifuani. Kidonge cha mchana kilikuwa mfukoni mwa shati. Alikitoa kwa ncha za vidole, akakiweka mezani polepole, kana kwamba kitamuuma.

Walimlaza hadi jioni wakichunga pumzi zake, wakambadilishia dawa, wakamwandikia kadi ya kuonyesha kila aendako kutibiwa. Wiki iliyofuata ngozi ilibambuka vipande vipande, na wateja kadhaa wakahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

"Ngozi itarudi," mkewe alimwambia akimpaka mafuta mgongoni. "Wewe ndiye usingerudi."

Hapo ndipo Hariri, mtu mzima na ndevu zake, alipogeukia ukuta akalia.