Sufuria ya Maharage Mugunga

Lori la petroli lilipinduka Mugunga, kando ya hema za wakimbizi wa vita, nasi abiria tuliotoka Sake tukazuiwa barabarani. Cheche moja ingeunguza kambi nzima. Mzimamoto mmoja, aliyevaa kombinezoni ya njano, alimwomba mama mmoja wa kambini azime mbabula yake, jiko la makaa.

"Papa, maharage iko kwa moto tangu asubuhi. Nikizima, batoto batakula nini?"

Mzimamoto hakubishana. Alifunika makaa kwa mchanga, akainua sufuria kwa glavu zake nene.

"Mama, unionyeshe tu nyumba ya mbali kwenye itaivia."

Wamama wengine wakabeba zao, wakamfuata. Barabara ilipofunguliwa, nilimwona mzimamoto yule akiteremka kurudi kambini na sufuria ileile, ikitoa mvuke.

Nimeona wanaume wengi wenye sare wakiondoka na chakula chetu. Huyu ndiye wa kwanza kukirudisha, tena kimeiva.