Wimbo wa Bwana Yangu mu Mutumbwi wa Jirani

Ninyi wanawake wa hapa pembeni ya ziwa, mukomeshe kunicheka! Jirani yenu anaibiwa, munapiga mikono, kisha munasema mimi niko na wivu. Ndiyo, niko nayo. Mulitaka nikuwe na nini?

Ninyi wa gazeti, jina langu muifiche. Miaka yangu siijue muzuri. Niko mujane, niko na wajukuu, nakaa Bukavu, chini karibu na maji. Bwana yangu alikuwa muvuvi wa sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Alitunga wimbo wake wa kupiga kasia, anaimba tu pa kurudi, wavu ikijaa, ili niwashe moto mbele hajafika. Kwetu mutu haimbe wimbo wa kurudi mutumbwi ikiwa tupu. Ni kujiitia njaa.

Sasa citoyen mumoja wa Serikali akakuja kufunga maji ya mbele yetu, mutu asivue, ati samaki wapate fasi ya kuzalia, na matouriste waangalie ndege. Sikatae, samaki wadogo wamerudi, nawaona nikichota maji. Lakini mutoto wangu Murhula anaenda kuvua mbali ku kisiwa cha Idjwi, analala kule, na wavu ya baba yake inakaukia ku ukuta. Na nani alipewa na hoteli kazi ya kutembeza wazungu? Mutoto wa Mama Nsimire, jirani yangu! Anaimba wimbo wa bwana yangu, mutumbwi yao tupu, hata mukia wa samaki hakuna. Wazungu wanafurahi. Mama yake iko na pagne mupya, kitenge cha bei, anapita nayo mbele ya mulango wangu, anarudi, anapita tena.

Siku ya salongo, ile kazi ya watu wote, tukilima majani ya barabara, nikamuuliza: "Mama Nsimire, wimbo ule mulirithi kwa nani?"

Akacheka. "Maman, wivu haipikwe mu chungu! Patron wa hoteli anakuomba. Kuja uimbe mwenyewe. Murhula naye atapata kasia."

Tangu pale niko napima ile neno. Mutoto wangu angerudi kulala kwake. Lakini mimi, nipande mutumbwi wa ule mwanamuke, nimuambie merci?

Nishaurini, lakini musiniambie nisamehe. Na wewe Mama Nsimire, najua watakusomea hii. Mutoto wako anyamaze. Murhula akae nyuma na kasia, mimi mbele, wewe ubaki ku inchi kavu na pagne yako. Na ile wavu ku ukuta, muitoe, muiweke mu mutumbwi, hata kama haitashuka mu maji. Bila ile, siimbe.