Neema amemwamkia korongo

Neema wangu leo kaharibu safari ya watu, na mimi nalia kwa furaha.

Mnajua ana miaka mitatu na hajawahi kusema neno. Kila asubuhi namfundisha "shikamoo", ananiangalia tu. Majirani wameshasema yao.

Leo tumevuka kutoka Chato kwenda kisiwa kidogo kuangalia ndege. Kiongozi wetu alionya mapema: "Mama Neema, huyo akilia tu, ndege wote wanaondoka."

Tukajibanza kwenye matete. Korongo mkubwa wa kijivu kasimama majini, mabega juu, kama babu mwenye koti. Watu wote kimya, simu mkononi, wanasubiri adake samaki.

Mwanangu akapiga magoti kwenye tope, kama sisi Wasukuma tunavyowaamkia wakubwa.

"Kamoo!"

Korongo huyooo, akaruka.

Watu wakaguna. Kiongozi akanigeukia, uso umemkunjamana.

"Kaka, nisamehe," nikamwambia. "Ndiyo neno lake la kwanza."

Kiongozi akachuchumaa mbele ya Neema.

"Marahaba, mama. Korongo kaniachia nikuitikie."

Picha ya korongo sina, jamani. Wa kwenu walianza na neno gani?