Wajumbe Wasioujua Mji Wao

Miaka ya sabini, sisi tuliorudi Ibra, mji wa mababu zetu Waarabu, kutoka Unguja, wengi wetu Kiarabu kilikuwa cha kuungaunga. Mimi changu kilikuwa safi, basi mtaa ukanituma kwa liwali kuomba gari la maji. Gari likaja, likawa linasimama mlangoni pangu. Waliokaa mbali walibeba ndoo, nami nikanyamaza.

Siku moja mhandisi wa barabara, mtu wa Ireland, alikuja kunywa kahawa. Alisema mji wao mdogo zamani ulikuwa na wajumbe wawili katika bunge la Dublin, lakini aliyewachagua ni tajiri mwenye ardhi, na baadhi ya wajumbe hao hawakuwahi hata kuukanyaga mji huo. Nilimfasiria mke wangu huku nacheka.

“Cheka, bwana wee,” akasema. “Wale angalau walikaa mbali. Wewe bibi wa watu anakupita na ndoo kichwani kila asubuhi.”

Kesho yake nilirudi kwa liwali, na gari likahamia katikati ya mtaa. Bibi yule aliniombea dua. Niliona haya, kwani dua ile ilikuwa haki ya mke wangu na yule mgeni. Nawashukuru wote wawili mpaka leo.