Macho Yangu Yalikokuwa Yakienda

Mimi ni dereva wa gari la wagonjwa la kituo cha afya huku juu, Upare Kusini, na nina hasira za karibu. Nasema hilo mapema ili nisionekane mpole kuliko nilivyo.

Asubuhi moja ya masika nilikuwa nashuka na mama mjamzito ambaye uchungu wake ulikuwa umekwama, nampeleka hospitali kule Same. Muuguzi alikaa naye nyuma. Nilipomaliza kona moja nikakutana uso kwa uso na lori lililokuwa linapanda kufuata tangawizi. Nikakata usukani kuelekea upande wa mlima, gari likaingia mtaroni. Hakuna aliyeumia. Watu wa lori walitusukuma tukatoka, na mtoto akazaliwa Same salama, wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Tulipotulia pale hospitali, muuguzi aliniuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Mama, ulisinzia?"

Niliirudia safari kichwani. Nilikumbuka naingia kwenye kona, nikakumbuka taa za lori, na hapo katikati hapakuwa na kitu. Usiku wake nilikuwa nimelala vizuri, lakini siwezi kuapa. Tangu siku hiyo nilianza kujiogopa. Nilikuwa naendesha huku najichungulia kwenye kioo kama ninavyomchungulia abiria nisiyemwamini.

Mganga mfawidhi wetu, mkuu wa kituo, alisikia kwamba kuna watafiti wa chuo wamefika Same na gari la kompyuta, wanachunguza madereva wanavyotazama barabara na umakini unavyowapotea. Akaniambia niende. Wakisema niko sawa, nabaki kwenye usukani. Wakisema vingine, nitatafutiwa kazi ya getini. Mimi getini, na funguo zangu akabidhiwe mtu mwingine! Nilishuka Same nimevimba.

Lile gari lilikuwa kwenye ukumbi, nje upepo wa Same unapuliza vumbi kama kawaida yake. Lilikuwa kiti cha gari la kweli, usukani, makanyagio matatu na skrini tatu kubwa. Juu ya usukani walitega kamera ndogo inayofuata macho. Mtafiti alikuwa binti mmoja mstaarabu kutoka Dar, akanipa shikamoo, akanieleza kila kitu, akasema matokeo ni yangu, nikitaka kuyapeleka kwa mganga ni hiari yangu.

Barabara ya kwanza ilikuwa tambarare, lami iliyonyooka, nikaimaliza bila shida. Ya pili ilikuwa ya milimani. Kila kona nilipiga honi, na madereva waliokuwa wanasubiri zamu mlangoni wakacheka sana. Sikuwajali. Nilitoka pale najiona nimefaulu.

Binti akageuza kompyuta yake kwangu. Alisema kwenye tambarare nilikuwa makini kuliko wengi, lakini milimani, karibu kila kona, macho yangu yalikuwa yanaiacha barabara. Nikamwambia mashine yake ni mbovu. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Yeye hakubishana, akarudisha picha nyuma ili nijionee. Palikuwa na kidoa chekundu, ndiyo macho yangu. Kinakwenda vizuri katikati ya barabara, kisha kabla ya kona kinaruka juu pembeni, kwenye rangi ya kijivu isiyo na chochote, kinakaa, kinarudi. Kona inayofuata, vilevile.

 Nikasema basi, ndivyo ninavyosinzia, macho wazi.

Nikaomba aonyeshe tena. Safari hii sikukitazama kidoa, nilitazama barabara, nikajiuliza pale kijivu kilipo, huku kwetu pangekuwa na nini. Nikacheka peke yangu. Pangekuwa na ng'ambo. Barabara yetu inazunguka mabonde, na kabla hujaingia kona unatupa jicho upande wa pili wa bonde, unaona gari linalokuja likiwa bado mbali, unajua mtapishania wapi. Hakuna aliyenifundisha. Waliotengeneza ile barabara ya kompyuta waliweka kona na ukuta wa mlima, wakasahau ng'ambo.

Binti alisikiliza, lakini niliona hajaridhika. Nikamwambia apande gari la wagonjwa nililoshuka nalo, twende milimani. Tukapanda, yeye kiti cha mbele na daftari lake. Kwenye kona ya nne au ya tano nikatupa jicho ng'ambo, nikamwambia kuna pikapu nyeupe inashuka, ina magunia, tutaisubiri hapa penye upana. Nikaegesha.  Kisha pikapu nyeupe ikatokea, dereva wake akaninyanyulia mkono, ikapita na magunia yake.

Binti aliandika ukurasa mzima. Mimi nilijaa furaha, nikaanza kumtania kwamba chuo kizima hakijui bonde. Alitabasamu, akamaliza kuandika, akauliza, "Na ukungu ukiwepo, mama, unaona nini?"

Niliacha kutania.

Asubuhi ile ya lori, bonde lote lilikuwa limejaa ukungu. Nilikuwa nimetupa jicho ng'ambo kama siku zote, jicho likakutana na weupe, na weupe hauna gari. Nikaingia kona kwa mwendo uleule. Na kwenye mashine nilikuwa nimefanya hivyohivyo, natazama kijivu, sioni kitu, nakanyaga mafuta. Hicho ndicho kilichokuwa katikati ya kona na taa za lori. Nilikuwa macho kabisa, nimeridhika na kutokuona.

Nililia pale barabarani na sikuona haya. Kosa lilikuwa langu, tena kubwa, lakini sasa nililijua lilipokaa, na kosa la namna hiyo mtu anaweza kulifanyia kazi. Usingizi ningeufanyia nini? Binti alinipa leso, akasubiri mpaka nikamaliza.

Karatasi yake ya matokeo nilimpelekea mganga mimi mwenyewe, na la ukungu nikamweleza kwa mdomo wangu. Akasema funguo zibaki kwangu. Muuguzi naye nilimpa jibu lake. Nilimwambia sikusinzia, nilitazama ng'ambo, nikaona ukungu, nikajiambia njia tupu. Aliitikia kwa kichwa tu, na sikujua kama ameniamini.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunapanda kurudi kituoni, mgonjwa tumeshamwacha Same, muuguzi amekaa mbele nami. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kabla ya kila kona nilisimama, nikashusha kioo, nikapiga honi, nikasikiliza, kisha nikaingia kwa gia ya kwanza. Tulikuwa tunatambaa. Nilijua anachoka, nikageuka kumwomba radhi kwa kuchelewa.

Tangu siku ya mtaroni hakuwahi kufumba jicho ndani ya gari langu. Sasa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kichwa kimeegemea mlango.